Mabingwa wa Kimo cha Goti

Dirisha la chumba cha bibi yangu, Ngamiani, Tanga, lilikuwa chini sana, na chini ya dirisha hilo ulikuwepo mwasumini mmoja. Sikumwona bibi hata siku moja akiushikia makasi. Kila alasiri alichuma vitumba kwa vidole, na kwa kuchumwa huko mti ukabaki pale pale, kimo cha goti lake, miaka yote niliyolelewa kwake. Upepo wa bahari ulipita juu yake ukaingia chumbani umebeba harufu.

Nilipojenga kwangu nilitaka dirisha kama lile. Nikaenda kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, nikaonyeshwa mche ndani ya kiriba, una maua ya zambarau, mfupi kama bilauri. Nikauliza ukikomaa unafika wapi. "Huu haukui, mama," akanijibu kijana. Mwaka wa tatu dirisha lilikuwa halionekani. Mwaka wa nne matawi yalikuwa yamepanda juu ya bati, na siku ya kuung'oa niliajiri watu wawili wenye mapanga. Mmoja aliishia zahanati, mwiba umemzama kiganjani.

Tangu hapo napima. Nikiukuta mti mfupi wa maua uliokomaa, uwe msikitini, kanisani, hotelini au uani kwa jirani, naomba ruhusa, natoa futi ya fundi, naandika kimo na upana. Daftari hilo sasa lina miaka kumi na moja, na humo ndimo nilimowatoa mabingwa hawa. Sharti langu ni moja: mmea ukomae bila kupita mita 1, au ukubali kuwekwa hapo bila vita. Rekodi nyingine ni za dunia nzima, nyingine ni za ua wangu wa Tanga, nami nitasema ipi ni ipi.

Mrefu kuliko yote inayouzwa kwa jina la mfupi

Ule mche wangu ulikuwa bogenvilia, na kosa si la mmea. Bogenvilia kwao ni Amerika ya Kusini, ambako hujishikiza kwa miiba yake ikapanda juu ya miti mingine. Mita 10 kwake si ajabu. Mwanabotania Mfaransa Philibert Commerson aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa Louis-Antoine de Bougainville, na mmea ukapewa jina la mkuu wa msafara. Pamoja na Commerson alikuwepo msaidizi wake, Jeanne Baret, aliyevaa mavazi ya kiume kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kwenye meli zile. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mimi nikiiona bogenvilia namkumbuka yeye kwanza.

Hata ile rangi inayotuvuta, ya zambarau au chungwa, ni ya majani yaliyolizunguka ua. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati. Pembezoni mwa uzio, mahali penye nafasi ya kujitanua, hakuna mmea unaolistahimili jua na chumvi ya bahari kwa uzuri kuliko huu. Chini ya dirisha usiupande. Na kabla ya kununua mche wowote, mwombe mwenye kitalu akuonyeshe mti mama. Akisema hana, muulize uko kwa nani, ukautazame.

Wa kwetu uliosafiri mbali zaidi

Hapa daftari langu limejaa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo ninapoumia. Ukitoka Muheza kupanda Amani, au ukitembea Lushoto asubuhi kabla ukungu haujainuka, utaiona pentasi imejiotea kando ya njia, pembeni mwa mahindi, kwenye kingo za mitaro. Shina lake ni nusu laini, nusu gumu. Majani ni ya kijani kibichi yenye mistari iliyozama, na juu yake kimekaa kichala cha maua madogo, kila ua lina ncha tano kama nyota. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la tano. Kimo: kati ya sentimita 40 na mita 1 kasoro kidogo. Asili yake ni Yemeni na Afrika Mashariki.

Ua hilo leo ni miongoni mwa yanayopandwa sana katika bustani za Florida, Marekani. Wameyazalisha mekundu, meupe, ya waridi na ya urujuani. Wamepata aina zisizozidi sentimita 30. Wanalipanda kwa sababu vipepeo hawaliachi, na ndege wadogo wenye mdomo mrefu hulifuata kwa ajili ya asali yake. Sisi hapa tunaye chozi, na chozi halipiti ua la pentasi bila kutua. Kwa Kiingereza wameliita nyota ya Misri, na hivyo jina la nchi nyingine likawekwa juu ya ua la vilima vyetu. Nimewahi kukuta mbegu zake zimefungwa katika pakiti ya rangi, zimeletwa kwa ndege, zinauzwa Dar es Salaam kwa bei ambayo ingekulipia nauli ya basi hadi mahali zinakomwagika bure.

Pentasi haiko peke yake. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, alitangaza ua laini la kivulini alilotumiwa na John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Akaliita *Impatiens sultani*, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi wanasayansi wanaliita *Impatiens walleriana*, na limekuwa mojawapo ya maua ya kivulini yanayouzwa zaidi duniani. Miaka kumi baadaye, 1892, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la urujuani linaloota kwenye miamba yenye unyevu. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la *Saintpaulia*. Nenda nyumba ya mzee yeyote Ulaya au Amerika ya Kaskazini, utalikuta dirishani ndani ya kikopo. Hayo mawili si miti, ni mimea laini, kwa hiyo hayamo katika mashindano yangu. Lakini Tanga na Zanzibar zimepamba madirisha ya dunia, na mtoto wa Tanga leo akiulizwa ua la kwao, hulitaja waridi.

Pentasi inaota kwa kipandikizi cha sentimita 10, kilichokatwa chini ya kifundo na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu. Pwani ipe kivuli cha mchana na udongo wenye mboji. Baada ya kila kichala kunyauka, kikate. Usipokikata, mmea utarefuka na kuanguka upande.

Ulioponya wengi zaidi

Hii ni rekodi ya dunia, na mshindi anaota kwenye ufa wa simenti mbele ya duka la vocha.

Vinka, au *Catharanthus roseus*, kwao ni Madagaska. Kimo chake sentimita 30 hadi 60, mara chache hufika mita 1. Maua ni ya waridi au meupe, mengine yana jicho jekundu katikati, na hayakomi mwaka mzima. Mchanga wa pwani unaufaa, chumvi unaivumilia, ukisahauliwa wiki mbili bila maji unanyong'onyea kisha unainuka. Kwa hiyo tunauona kila siku na hatuuangalii.

Huko Jamaika watu walikuwa wakinywa maji ya majani yake kwa ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Toronto, Clark Noble, alitumiwa bahasha ya majani hayo na mgonjwa wake aliyekuwa Jamaika. Akampa ndugu yake Robert Noble, mtafiti katika chuo kikuu huko London ya Ontario, Kanada. Robert na mwenzake Charles Beer walipojaribu dawa hiyo kwa panya, sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mtu mwingine angeitupa bahasha. Wao wakajiuliza: ikiwa kitu hiki kinazishusha chembe nyeupe, kitafanya nini kwa saratani ya damu, ambayo ni chembe nyeupe zilizozidi? Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza mmea huo huo, ikapata na ndugu yake, vinkristini.

Mwaka huo huo wa 1958, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Kiafrika. Leo uvimbe huo unaitwa limfoma ya Burkitt, na vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazoutibu. Ugonjwa wa watoto wetu ulielezwa, na dawa ya kwanza ya ua la kisiwa jirani ikatangazwa, ndani ya mwaka mmoja, na waliofanya kazi hizo walikuwa pande mbili za bahari.

Dawa hiyo hupatikana kwa kusafisha majani mengi mno ili kupata chembe kidogo sana. Jani bichi ni sumu. Usilichemshe, usimpe mtu. Panda ua lenyewe, litazame, na ukipita wodi ya watoto wenye saratani, ujue kinachoweza kuwemo katika ile chupa inayoning'inia.

Wenye sumu kali na unaovumilia kiu zaidi

Rekodi hizi mbili zimeangukia mmea mmoja, waridi la jangwani. Peter Forsskål, mwanasayansi wa msafara wa Denmark, aliuchukua Uarabuni. Yeye alifia Yemeni mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, pekee aliyerudi hai katika msafara ule. Jina la kisayansi, *Adenium obesum*, lina Aden ndani yake, na la pili lina maana ya mnene. Unene huo uko chini, kwenye shina lililovimba kama chungu, ambamo mmea huhifadhi maji. Porini unaota tangu Sahel hadi Afrika Mashariki na Uarabuni.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutengeneza sumu ya mishale kwa utomvu wa mmea huu. Sumu yake inashika moyo. Sisemi hivi ili uuogope. Nimekaa na waridi hili barazani miaka minane. Nasema ili unapokata tawi uvae glavu, unawe mikono, na usiweke chungu chake mahali mtoto anayetambaa atakapokifikia. Mbuzi wa jirani pia wafikirie.

Kwenye chungu haupiti sentimita 70 kwa miaka mingi. Ukitaka lile shina nene panda mbegu. Kipandikizi huota, ila mara nyingi shina lake hubaki jembamba. Kiangazi mwagilia mara moja kwa wiki, mvua za masika zikianza uingize chini ya upenu. Waridi la jangwani linakufa kwa kumwagiliwa kuliko linavyokufa kwa kiu. Nimeua mawili kwa huruma.

Wenye miiba mingi zaidi kwa kila sentimita

Kipimo hiki ni changu. Nilichukua tawi la yuforbia la sentimita 10, nikahesabu miiba hadi nikachoka, na hakuna mmea mwingine uani uliokaribia.

*Euphorbia milii* nayo imetoka Madagaska. Jina limetokana na Milius, gavana wa kisiwa cha Réunion, aliyeupeleka Ufaransa mwaka 1821. Wakristo wengi huuita taji la miiba. Vile vinavyoonekana kama petali mbili nyekundu ni vijani vilivyobadilika rangi, na maua yenyewe ni vidonge vidogo vilivyofichwa katikati. Wathai wamezalisha aina zenye vichala vikubwa kama kabichi ndogo. Aina fupi zinaishia sentimita 40, na ukizipanda chini ya dirisha la chumba cha kulala, mwizi atafikiri mara mbili. Mbuzi hawali. Kiangazi kikikaza, majani yanapukutika na maua yanabaki.

Huko Brazili watafiti wamejaribu utomvu wake kwenye maji na kuona kwamba kiasi kidogo sana kinaua konokono wa jenasi ya *Biomphalaria*, ndio wanaobeba kichocho cha tumbo, na konokono wa jenasi hiyo hiyo wako kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtu anayeishi kando ya maji hayo akiambiwa kwamba silaha mojawapo inapatikana ndani ya ua la baraza, ana haki ya kushangaa. Ila utomvu huo unachoma ngozi na unaweza kudhuru jicho vibaya, kwa hiyo uwaachie wenye maabara. Ukikata tawi, liache kivulini siku tatu likauke kidonda, ndipo ulipande.

Usiofaa kupandwa kabisa

Lantana. Najua ni nzuri. Najua kichala kimoja kinaanza njano kikageuka chungwa kisha chekundu, na vipepeo wanaipenda. Lakini *Lantana camara* imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la uhifadhi la IUCN, na ukipita barabara ya Korogwe utaona kwa nini. Imetoka Amerika ya joto ikiwa pambo la bustani. Ndege wanakula vitunda vyake vyeusi, wanadondosha mbegu kila wanapotua, na kichaka kinajifunga hadi mche wa mti mwingine haupati mwanga. Ng'ombe akiila sana ini linaharibika na ngozi yake inachubuka juani. Katika Kenya na Uganda vichaka vyake vimekuwa maficho ya mbung'o.

Nimeona wanaiuza bado, kwenye viriba, na watu wanainunua. Kama unayo uani, ing'oe na mizizi, uichome kabla haijazaa. Vipepeo watakwenda kwenye pentasi.

Mgumu zaidi kwa udongo wetu

Watu wa Mombasa, Unguja na sisi wa Tanga tunaipenda ikzora: vichala vyekundu vilivyojaa, majani yanayong'aa, aina fupi zisizopita sentimita 80. Imetoka kusini mwa India na Sri Lanka, na jina lake ni Ishvara wa Kihindu aliyegeuzwa na ulimi wa Mreno. Kitaluni inameremeta. Ukiihamishia uani, miezi sita baadaye majani mapya yanatoka ya manjano na mishipa ya kijani, na mwenye nyumba anaongeza maji, kisha samadi, kisha anakata tamaa.

Ugonjwa huo hauna mdudu. Ikzora inataka udongo wenye asidi, nasi tunakaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Chuma kimo udongoni lakini chokaa imekifunga, mizizi haiwezi kukivuta. Kibaya zaidi, tunaipanda sentimita 20 kutoka kwenye ukuta wa simenti, ukuta nao ukinyeshewa unateremsha chokaa nyingine. Ipande mita 1 kutoka ukutani au, bora, kwenye chungu kikubwa chenye mboji na udongo mwekundu wa milimani. Tandaza majani makavu juu yake. Dawa ya madini ya chuma kwa ajili ya majani inasaidia kwa muda, nayo inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Waliojenga Lushoto au Arusha hawajui shida hii, na ikzora zao zinanitia wivu.

Kwa haraka: saa, siku, rangi, udogo, urefu wa mlima

Unaoshika saa kuliko yote ni tunera, yenye ua la rangi ya krimu na moyo mweusi. Linafunguka asubuhi, mchana linafunga duka. Chini ya kila jani kuna vijitezi viwili vya asali kwa ajili ya sisimizi, ambao kwa malipo hayo huulinda mmea. Kimo sentimita 60.

Unaobadilika zaidi ni brunfelsia ya Brazili. Ua linafunguka la zambarau, kesho yake ni la urujuani hafifu, keshokutwa jeupe. Rangi zote tatu zinakaa juu ya mti mmoja kwa wakati mmoja, na wakulima wa maua wanauita jana-leo-kesho. Unapenda baridi ya milimani. Mbegu zake zinaua mbwa, kwa hiyo mwenye mbwa asiupande.

Wenye buluu iliyo safi kuliko yote ni plambago ya Afrika Kusini. Buluu ni rangi adimu katika maua, na hii ni ile ya anga ya saa tatu asubuhi baada ya mvua. Vikonyo vyake vina nywele zenye gundi. Utotoni tuliyabandika maua yake masikioni yakawa herini. Usipoikata inapita mita 2, ila inakatwa bila kulalamika na kutoa maua zaidi.

Mdogo kuliko yote: waridi liitwalo Si, alilolizalisha Mhispania Pedro Dot mwaka 1957. Kitumba chake ni kama punje ya ngano.

Unaoishi juu kuliko yote Afrika siwezi kuupanda Tanga, wala wewe kokote uliko: *Helichrysum newii* wa Kilimanjaro, ua kavu lisilonyauka, lililopewa jina la mmisionari Charles New aliyefika kwenye theluji ya mlima huo mwaka 1871. Limekutwa juu ya mita 5,000, karibu na matundu ya kreta ya Kibo yanayotoa mvuke wa moto. Nalitaja kwa sababu mfupi huyo amepanda pale ambapo mti wowote mrefu umeshindwa.

Wenye harufu kuliko yote

Mwasumini. Sina mizani ya kupimia harufu, na sihitaji.

*Jasminum sambac* umetoka upande wa India, na neno sambac ni zanbaq la Kiarabu. Ufilipino waliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia nao wameuweka miongoni mwa maua yao ya taifa. Uchina wanachanganya vitumba vyake na majani ya chai usiku kucha, asubuhi wanavipepeta. Chai inabaki na harufu, ua linatupwa. Hawaii wanauita pikake, jina la tausi, kwa kumbukumbu ya binti mfalme Kaʻiulani aliyevipenda vyote viwili. Kwetu pwani ni ua la kikuba: asumini, mrehani na mkadi, vimefungwa pamoja, kikabandikwa kifuani kwa bibi harusi au kuwekwa chini ya mto.

Ua linafunguka usiku, na ndiyo maana ya ile saa ya bibi. Vitumba vinachumwa alasiri, vikiwa vimejaa na kuwa vyeupe ila bado vimefumba, vinafunguka mikononi mwako au kwenye nywele baada ya magharibi. Ukingoja hadi asubuhi umechelewa; utakuta vimetawanyika chini, vimegeuka hudhurungi. Kila kitumba kinachochumwa pamoja na kipande kidogo cha ncha ya tawi kinaufanya mmea utoe machipukizi mawili badala ya moja, na kila chipukizi lina vitumba vyake. Hivyo mwasumini unaochumwa kila siku unabaki mfupi na mnene, na mwasumini unaoachwa unakuwa mtambazi wa mita 3 wenye maua machache juu kabisa, wasikoyafikia hata watoto. Niliutafuta ukweli huu katika vitabu vya bustani kwa muda mrefu, kumbe niliuona kila alasiri nikiwa na miaka sita.

Pale nilipoing'oa bogenvilia niliacha shimo wazi masika nzima, nikalijaza mboji, majani ya mwembe na udongo nilioletewa kutoka Amani kwenye gunia. Nimepanda kipandikizi cha mwasumini cha binamu yangu, ambacho kilitoka kwa mama yake, ambaye alikikata Ngamiani kabla nyumba ile haijauzwa. Nimeuweka sentimita 60 kutoka ukutani: majani yasiguse ukuta mchwa wakapata daraja, ufagio upite nyuma yake, na nyoka asipate kona. Matawi ya chini kabisa nimeyaondoa ili niuone udongo. Juzi ulikuwa na sentimita 52. Alasiri nilichuma vitumba ishirini na tatu, nikamwita mjukuu wangu aje ashike sahani.